Kaburi la Jirani

Marehemu Badawy alipata kusema kwamba mkewe, Bi Fathiya binti Mahdi, hata akifa atainuka kaburini kwenda kuangalia kama mlango wa jikoni umefungwa. Haukuwa mzaha mtupu. Bi Fathiya alikuwa mtu wa kushika mambo yake. Mombasa, mtaa wa Kibokoni, alilea watoto watano kwa kupika mahamri na mbaazi, na hakuna siku hata moja aliyomuuzia mtu mahamri ya jana. Binti yake Ruqayya alipomleta Amerika pamoja na Badawy, alikuwa ana miaka hamsini na nane. Akapata kazi ya kukunja mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, kule Richfield, akakunja miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi wapya walikuwa wakiletwa kuonyeshwa kona za mashuka yake. Kiingereza chake alikipata humo humo, baina ya mashine za kufulia, na kilikuwa Kiingereza cha kumtosha kugombana.

Alipoacha kazi, Ruqayya na mumewe walinunua nyumba Halden. Halden ni kitongoji kidogo kusini ya Lakeville, pale nyumba mpya zinapokwisha na mahindi yanapoanza. Nyumba ilikuwa rahisi, tena ina vyumba vinne, na sababu ya urahisi wake ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: kiwanda cha madirisha kilikuwa kimefungwa. Watu mia tatu waliachishwa kazi wiki moja. Baadaye likafungwa duka la vyakula, halafu benki, halafu hata kinyozi akahama. Ruqayya aliona jikoni kubwa. Bi Fathiya aliona mabango ya kuuza nyumba njia nzima, huku na huku, akasema, "Hapa pamefiwa."

Mwaka wa pili wa kukaa pale Badawy akafa, mwezi wa Januari, katikati ya dhoruba ya theluji. Makaburi ya Waislamu yalikuwa mbali, mwendo wa saa moja na zaidi, na polisi walikuwa wameifunga barabara kuu. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, maiti hajazikwa. Bi Fathiya alivaa viatu vya theluji vya mkwewe, akavuta buibui juu ya koti, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya kitongoji.

Karani wa kitongoji alikuwa mama mmoja mnene, mweupe wa nywele, jina lake Ernestine. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

"Mumeo alikuwa mkaazi wa Halden?"

"Alikuwa mkaazi."

"Basi ana haki yake kwenye makaburi ya Halden. Nitampigia Silas."

Silas ndiye mwangalizi wa makaburi, mzee mrefu asiyesema sana. Akaja na mashine, akavunja ardhi iliyoganda kama jiwe, na kaburi akalichimba vile alivyoelekezwa, mwanandani wake wa kumlaza maiti na kibla chake. Badawy akaswaliwa na watu tisa waliosimama kwenye theluji. Hakuna aliyeuliza lolote. Walipokuwa wanaondoka, Ernestine alimshika mkono Bi Fathiya, akamwonyesha ardhi iliyobaki baina ya Badawy na ua wa waya. "Nafasi hii ni yako, wakati wako ukifika." Lilikuwa neno la mdomo tu, halikuandikwa popote, lakini Bi Fathiya alilichukua kama hati. Miaka arubaini na minne alilala upande wa kushoto wa Badawy, na nafasi ile ilikuwa upande wa kushoto.

Sasa, chama. Kilipoanza hakikuitwa chama. Walikuwa wanaume waliotoka kiwandani, wanakutana kunywa kahawa ndani ya lile jengo la benki lililofungwa. Mkubwa wao alikuwa Zachariah, fundi wa kukata vioo, miaka ishirini na sita kwenye mashine ile ile. Walianza kwa mambo mema, na hilo lisemwe. Waliwapasulia kuni wajane, wakawatengenezea watu magari bure, na majira ya baridi gari lao lilipita likigawa viazi. Serikali haikuwagawia watu wa Halden hata kiazi kimoja. Halafu wakaja wageni kutoka mbali, watu wa suti, wakawaletea mabango na jina: Wenyeji Kwanza. Wakawaletea na maneno. Kwamba kiwanda kimeondoka kwa sababu ya wageni, kwamba wageni wanajaza shule, kwamba wageni wakishika ardhi hawaiachii. Kiwanda kilihamia jimbo jingine ambako mishahara ni midogo, na kila mtu alilijua hilo, lakini halikuwa neno tamu la kusemea kwenye kahawa. Uchaguzi ulipofika, Wenyeji Kwanza walichukua viti viwili vya udiwani kati ya vitatu.

Gari la viazi lilipopita mtaani kwao, liliruka nyumba ya Ruqayya. Bi Fathiya alikuwa dirishani.

"Umeona, mama?" Ruqayya akasema. "Wanatu-hate."

"Nimeona. Chama kinachobeba viazi hakitaki mchezo." Akaurudisha pazia. "Mtu aliyefiwa husema maneno mabaya, utamsamehe. Huyo anayemnong'oneza nani kaua, ndiye wa kumwogopa."

Kila Ijumaa ambayo theluji haikuzuia njia, Bi Fathiya alikwenda kumzuru mumewe. Alichukua chupa ya maji, marashi kidogo, kisu cha kupalilia, na kikapu chenye miche ya rehani, ule mmea unaonukia, aliyoiotesha dirishani. Kwao ndivyo. Kaburi husomewa, hunyunyiziwa, hupandwa rehani, na kaburi la jirani haliachwi na magugu ati kwa kuwa mwenyewe si wako. Wanaolala pamoja ni majirani, na unaposafisha mlango wako ukamwachia jirani taka, umejitukana mwenyewe.

Safu ya pili kutoka kwa Badawy palikuwa na kaburi la bibi mmoja, jiwe lake zuri, lakini juu yake pameota majani marefu ovyo ovyo, mengine ya miba, mengine yanatoa utomvu mweupe. Lilimkera Bi Fathiya mwaka mzima. "Masikini, hana watoto," alikuwa akisema. Ijumaa iliyofuata Idi ya kuchinja, mwezi wa Juni, akaona yatosha. Akapiga magoti, akang'oa jani moja moja na mizizi yake, akalainisha udongo kwa kiganja, akanyoosha kingo kama anavyonyoosha shuka, akapanda rehani nne, akanyunyiza marashi. Alirudi nyumbani mgongo unamuuma na moyo mweupe.

Habari ile hakumhadithia mtu. Jema la kaburini halitangazwi.

Ikawa hivyo mpaka mwezi wa Februari, Ramadhani imeshaingia, ndipo karatasi ilipotiwa katika masanduku ya barua ya Halden yote. Safari hii hawakuiruka nyumba yao. Ruqayya aliisoma amesimama, uso unamgeuka. Wenyeji Kwanza wanaleta hoja katika mkutano wa mwaka wa kitongoji, ule wa Jumanne ya pili ya Machi, ambapo kila mkaazi mwenye kura huja akapiga kura mwenyewe. Hoja ina vipande viwili. Cha kwanza, asizikwe katika makaburi ya Halden mtu ambaye ukoo wake haujakaa hapa miaka thelathini. Cha pili, kila kaburi jipya liwe na sanduku la zege, ukuta na kifuniko chake. Na katikati ya karatasi pana picha kubwa, iliyopigwa majira ya joto.

"Hebu nione," Bi Fathiya akasema. Akavaa miwani. Kusoma hakuweza sana, lakini picha ni picha. Akaitazama, akaridhika. "Kaburi hili limesafishwa vizuri. Angalia kingo zake."

"Mama, wanasema mtu ame-destroy kaburi la mama yake Zachariah. Imeandikwa hapa, 'Haya ndiyo wanayowatendea wafu wetu.' Wanasema ni sisi, na hawana hata ushahidi, ni uongo tu wa..."

Ruqayya akaishusha karatasi, kwa sababu mama yake alikuwa ameivua miwani.

"Ni rehani zangu hizo," akasema Bi Fathiya.

Ruqayya alikaa kitini pole pole. Akaeleza, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Yale hayakuwa magugu. Yalikuwa maua ya mbugani, maua ya asili ya nchi ile, ambayo bibi yule alikusanya mbegu zake kandokando ya reli maisha yake yote. Mwanawe alikuwa amempandia juu ya kaburi, na yalikuwa yanakaribia kuchanua mara ya kwanza.

Bi Fathiya aliikunja miwani, akaiweka mezani. Alikuwa na miaka sabini na nne, na hakukumbuka siku aliyomng'olea mtu kitu chake.

"Mimi nitakwenda kwenye mkutano, niwaambie."

"La, mama. Nakuomba, usiseme kitu. Nime-count. Wazee wa zamani wengi hawampendi Zachariah, tukipata hao tunaweza kushinda. Lakini ukisimama pale ukasema ni wewe, umewapa kitu chenyewe walichokuwa wanakitafuta. Itapita hoja, na wewe hutazikwa na baba. Unanisikia? Utazikwa huko mbali peke yako."

"Nimekusikia."

"Basi kaa kimya. Hakuna anayejua."

"Najua mimi. Unataka nikalazwe kando ya baba yako kwa kunyamazia jambo kama hili? Mimi sikumwibia aliye hai hata kitu, nimwibie maiti nafasi?"

"Mama, wewe ni mbishi."

"Ningekuwa si mbishi wewe ungezaliwa kwenye chumba cha kupanga."

Siku ya mkutano ilikuwa Ramadhani bado, na jua lilikuwa linatua baada ya saa moja za jioni, mkutano nao ukaanza saa moja kamili. Ukumbi wa kitongoji ulijaa. Wenyeji Kwanza walikaa mbele, fulana zao za rangi moja. Familia za wageni, za Kisomali na za Kimeksiko na mbili tatu za Kiafrika nyingine, zilikaa ukutani kulia kama watu wanaongoja gari. Bi Fathiya alitafuta kiti safu ya tatu, katikati, Ruqayya kando yake amemshika buibui kama anayemshika mtoto asikimbie barabarani.

Ernestine alisoma hoja. Zachariah akasimama kuitetea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono ina makovu madogo madogo ya vioo. Hakupiga kelele. Alisema kiwanda kimechukuliwa, duka limechukuliwa, shule inataka kuunganishwa na ya Lakeville, na makaburi ndiyo kitu pekee kilichobaki Halden ambacho ni chao. "Na hata hapo," akasema, "walimfikia mama yangu." Watu wakapiga makofi, lakini ya chini, ya heshima.

Bi Fathiya akasimama. Ruqayya akavuta buibui. Buibui likavutwa nyuma, likamponyoka mkononi.

"Ni mimi," akasema.

Ernestine akamwuliza kama anataka kuzungumzia hoja.

"Nazungumzia kaburi. Niliyelifanya vile ni mimi, mikono hii. Niliona majani. Kwetu kaburi likiwa na majani ni aibu ya majirani. Nikasema, huyu bibi hana watoto. Nikang'oa yote, nikapanda mti wetu unaonukia, nikatia marashi, ghali, ya Ruqayya."

Kelele zikapanda. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti arudi kwao. Bi Fathiya akageuka kumtafuta, akamwona.

"Wewe unakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nikirudi kwetu nani atakwambia mbwa wako ametoka?"

Baadhi ya watu wakacheka bila kutaka. Mwenye mbwa akatazama viatu vyake. Zachariah alikuwa bado amesimama, uso mwekundu.

"Kwa nini hukuuliza?" akamwambia. "Jina lake liko kwenye jiwe. Ungeuliza mtu yeyote Halden."

"Sisi hatumwombi mtu ruhusa ya kusafisha kaburi. Hilo ndilo kosa langu. Nilidhani mambo ya makaburini ni mamoja dunia nzima." Akaliweka buibui lake sawa. "Kusafisha sitaomba radhi, nilimsafishia kama mama yangu. Ila maua yake naomba radhi. Ningekuwa mimi ndiye mwanawe, ningekasirika kuliko wewe. Lakini hiyo karatasi yako imesema wamekuja watu kumtusi. Hakuna watu. Ni mimi peke yangu, na sikumtusi. Kila Ijumaa nimempa salamu, yeye na wenzake wa safu nzima. Muulize Silas."

Watu wakamgeukia Silas, aliyesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hakupenda kutazamwa.

"Huja," akasema Silas. "Mvua, jua. Nilidhani Zachariah amemlipa."

Kwenye simu ya Ruqayya ikalia adhana, ndogo, ndani ya mkoba. Bi Fathiya akatoa tende katika mfuko wa koti. Akasema, "Samahanini, mimi tangu alfajiri sijanywa hata maji," akatia tende moja mdomoni, akasimama pale pale anatafuna. Ukumbi mzima ukangoja. Haikuwa heshima wala dharau, ni kwamba hakuna aliyejua la kufanya wakati mtu anatafuna. Ernestine akainuka, akajaza gilasi ya maji, akampelekea. Bi Fathiya akanywa, akafuta mdomo.

"Nimemaliza. Kaka Zachariah, zile mbegu nitazipata wapi?"

Zachariah akavuta kiti chake. Akakaa.

Ernestine akaamua kura ipigwe kwa karatasi, kila kipande mbali. Zikahesabiwa kwenye meza ya mbele, watu wote wanaona. Kipande cha miaka thelathini: waliokubali hamsini na nane, waliokataa sabini na mmoja. Ukumbi ulitulia kidogo, watu wanapiga hesabu zao. Wenye fulana walizidi sitini, na watu wa ukutani hawakufika thelathini. Wengine wote waliokataa walikuwa watu wa Halden wenyewe, na baadhi yao, lazima, walikuwa ndani ya fulana zile. Kipande cha zege kikapita. Kilipita kwa wingi, hata bila ubishi.

Ruqayya alikuwa analia na kucheka. "Concrete, mama. Tutafanyaje na zege? Mwili lazima ulale kwenye udongo."

Silas alikuwa anapita nao mlangoni, amesikia neno moja akalijua. Akajikuna shingo. "Kanuni imeandika ukuta na kifuniko," akasema. "Haikuandika sakafu." Akavaa kofia yake akatoka.

Halden haikugeuka pepo baada ya siku ile. Wenyeji Kwanza wana viti vyao viwili mpaka leo, na mabango yao yako njia nzima. Zachariah alipiga kura ya kukubali hoja yake, hakuficha. Lakini karatasi ile ya picha haikutolewa tena, na wiki mbili baadaye palikutwa kopo la kahawa juu ya nguzo ya ua wa kina Ruqayya, limejaa mbegu, bila barua. Bi Fathiya akamtumia Zachariah sahani ya mahamri kwenye ile ofisi ya benki, akaiandikia juu kwa mkono wake herufi za jina lake mwenyewe, moja moja, ili wasije wakadhani yameletwa na mtu wa chama. Sahani ilirudi imeoshwa. Baadaye walikuja wanawake wawili wa fulana zile kumwuliza kama anaweza kupika ya kuuza kwenye mnada wao wa kuchangia mafuta ya kupasha nyumba moto. Ruqayya alikataa katakata. Bi Fathiya aliuliza ni watu wangapi.

"Mama, hao ni watu wa Zachariah."

"Ni watu wanaosikia baridi. Na safari hii gari lao lisimame mlangoni kwetu, nitawaambia."

Ardhi ilipolainika mwezi wa Aprili, Ernestine alimwita makaburini. Alisema maneno ya mdomo yameshapitwa na wakati, safari hii anataka iwe karatasi. Silas alikuja na kamba na vigingi vinne, akapima baina ya Badawy na ua wa waya, akapigilia cha kwanza.

"Umekwenda mbali," Bi Fathiya akasema. "Sogeza."

"Hivyo ndivyo vipimo, mama."

"Miaka arubaini na minne tulilala kitanda cha futi nne. Sogeza."

Silas akamtazama Ernestine. Ernestine akatazama mashamba ya watu. Silas akaking'oa kigingi, akakisogeza kwa upana wa kiganja. Bi Fathiya akatikisa kichwa. Akakisogeza tena. Hapo akaridhika, akaizunguka nafasi yake, akaikanyaga kona zote nne kuona kama pana bonde.

Ernestine akaweka karatasi juu ya ubao wake, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Bi Fathiya akaandika jina lake pole pole, ulimi umetoka kidogo, na alipomaliza akaliangalia asije akawa ameruka herufi. Karani akaisoma karatasi tena kutoka juu, akafika kwenye mstari mmoja mtupu.

"Hapa panatakiwa tarehe ya kuanza kutumika," akasema, akacheka kidogo kwa kuona haya. "Sijui niandikeje."

"Hapo paache wazi," Bi Fathiya akasema, akamrudishia kalamu. "Nina watu wa kuwapikia."